Vibao vya Reuben Hebditch

Vijana wakisikia habari za mgambo wa kijiji chetu, Oddercombe, wa mwaka wa arobaini, hucheka mpaka wakashika mbavu. Wana haki yao. Sisi wenyewe tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wengi, kwa sababu nilikuwa fundi viatu mwenye mguu mmoja mfupi, na wakubwa wakaona kazi inayonifaa ni kupeleka ujumbe mbio. Lakini kila nikimaliza kucheka humkumbuka Reuben Hebditch, na hapo kicheko hunikauka. Kwa hiyo nitaeleza yote, ya kuchekesha na yasiyochekesha, na sehemu yangu mimi Amos Vellacott sitaificha.

Reuben alikuwa kibarua wa barabara. Halmashauri ilimpa maili sita za njia, toroli, koleo na mundu, ikamwambia azitunze, naye akazitunza miaka ishirini na sita. Alizibua mitaro, akafyeka miiba, akaziba mashimo baada ya baridi kali. Lakini kazi aliyoipenda ni vibao. Tulikuwa na njia panda nne, kila moja na nguzo yake nyeupe yenye mikono ya mbao, na juu ya mikono hiyo majina ya vijiji na idadi ya maili. Sheria ilitaka ipakwe rangi kila mwaka wa tatu. Reuben aliipaka kila mwaka baada ya Pasaka, herufi nyeusi zilizonyooka, na mtu akiegemeza baiskeli yake kwenye nguzo alikuwa tayari kugombana naye.

Tena alikuwa na ugonjwa wa kuelekeza watu. Ukimwuliza njia ya stesheni hakuishia kusema kushoto au kulia. Atakuambia mbwa wa nani mkali, daraja lipi linateleza, na wapi utapata mkate na jibini kwa bei ya haki. Kisha ataweka koleo chini akusindikize mpaka kona. Mkewe, Olive, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, alikuwa akisema kwamba hakuolewa na mwanamume, aliolewa na kibao.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Gilbert. Alikulia ndani ya lile toroli. Alipotimiza miaka mitano ndiye aliyekuwa akishika kopo la rangi, na alipotimiza kumi baba yake alimwachia aandike herufi O ya Oddercombe, kwa kuwa ndiyo herufi isiyo na kona. Mwaka wa thelathini na tisa alichukuliwa jeshini, na kabla ya Krismasi alikuwa Ufaransa.

Mei iliyofuata redio ikaita wanaume waliobaki vijijini wajitolee kuilinda nchi, maana ilisemekana Wajerumani watashuka kwa miavuli. Tulijitokeza thelathini na mmoja: wazee, viwete, wenye pumu, na mmoja asiyesikia ambaye alidhani ni mkutano wa maonyesho ya maboga. Kamanda wetu alikuwa Septimus Chedzoy, mtengeneza majeneza. Tulimchagua kwa sababu alikuwa na sauti ya kunyamazisha watu. Tatizo la Chedzoy ni kwamba hakuweza kumtazama mtu bila kumpima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, na ukisimama kwenye gwaride akipita mbele yako, unahisi mbao zako zimeshachaguliwa.

Tatizo la pili lilikuwa mwendo. Nusu ya kikosi walikuwa wabebaji wake wa majeneza, na kwa miaka ishirini walikuwa wamezoea mwendo mmoja tu, wa taratibu, macho chini. Chedzoy alijitahidi kutufundisha mwendo wa askari. Hatua kumi za mwanzo tulikwenda vizuri, ya kumi na moja tukawa tumerudi kwenye mwendo wa msiba, sote pamoja, naye mwenyewe akiwa mbele. Siku moja tulipita nyumba ya bibi mgeni aliyekimbia mabomu ya mjini, naye akafunga mapazia yote ya mbele kwa heshima ya marehemu.

Silaha hazikuwepo. Tulikuwa na mipini ya mifagio, na uma za kugeuzia nyasi, na mkuki mmoja wa mchezo wa Krismasi wa kanisani. Baadaye zikaja bunduki nne, na Chedzoy akazifungia risasi ndani ya jeneza ili mtu asithubutu kuzichezea. Neno la siri lilibadilishwa kila jioni na kusahauliwa kila asubuhi, hata tukakubaliana libaki jina la farasi wa Chedzoy, maana hilo kila mtu alilijua. Farasi aliitwa Duchess.

Ndipo ikaja amri ya vibao. Vyote ving'olewe, mawe ya maili yafukiwe, jina la kijiji lifutwe kila mahali, adui akishuka asijue yuko wapi. Chedzoy alimpa Reuben kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine aliyejua skrubu zake. Nilimsaidia kusukuma toroli. Kila mkono wa kibao aliupangusa vumbi, akauzungushia gunia, akaandika kwa chaki ulikuwa ukielekea wapi, kisha tukavipeleka vyote karakana ya Chedzoy, tukavilaza chini ya mbao za majeneza. Kisha akazunguka na kopo la rangi nyeusi akifuta jina letu: kwenye ubao wa kanisa, kwenye shule, kwenye mkokoteni wa mwoka mikate. Baada ya siku tatu kijiji chetu kikawa hakina jina.

Wa kwanza kupotea walikuwa askari wetu wenyewe. Malori matano yalipita mbele ya kilabu cha pombe mara tatu mchana mmoja, na mara zote tatu tukayapigia saluti. Mara ya nne ofisa akashuka akauliza yuko wapi. Chedzoy akamwuliza jina la farasi. Yule ofisa hakulijua, kwa hiyo hakuambiwa.

Amri ya pili ndiyo iliyomshinda Reuben: mgeni akikuuliza njia, hujui. Olive alilazimika kumfanyisha mazoezi jikoni. Yeye anauliza, bwana, stesheni iko wapi, na Reuben anauma mdomo mpaka masikio yanakuwa mekundu. Tulimtania sana. Nilimwambia Wajerumani wakija atawasindikiza mpaka mlangoni kwa Chedzoy na kuwaonya kuhusu mbwa.

Katikati ya Juni ikaja telegramu. Gilbert hajulikani alipo. Hawakusema amekufa, hawakusema ametekwa. Jeshi letu lilikuwa limekwisha kusombwa kutoka fukwe za Ufaransa, na wengine walirudi na wengine hawakurudi, na Gilbert hakuwa katika hesabu yoyote. Tangu siku hiyo hatukumtania tena Reuben, na amri ya kutojua njia haikumpa taabu tena. Akawa mgambo mkali kuliko sisi sote. Aliniambia kwamba kila saa ambayo adui anapotea kwenye njia zake ni saa moja Gilbert anapewa huko aliko. Niliona hesabu hiyo haina kichwa wala miguu, nikanyamaza. Mtu aliyeshika jani mtoni humwambii ni jani.

Jumamosi moja ya Agosti tulikuwa zamu mimi na yeye kwenye njia panda ya chini, hatua mia nne kutoka kanisani. Kizuizi chetu kilikuwa mkokoteni na vihimili viwili vya mbao ambavyo Chedzoy huwekea majeneza. Jua lilikuwa kali. Saa nane hivi akaja askari kijana kwa miguu, mwembamba, begi begani, amelowa jasho. Sare ilikuwa ya kwetu, karatasi zake zilikuwa sawa. Lakini aliongea kama anaimba, kwa namna ambayo hatukuwa tumeisikia.

“Samahani, mzee,” alimwambia Reuben. “Hii ndiyo njia ya Oddercombe?”

Alipokuwa akingoja jibu aliinua mguu kutoa kijiwe kilichoingia kiatuni, nami nikaona soli. Mimi huona soli kabla ya kuona uso. Misumari ilipangwa kwa namna ambayo hakuna fundi wa nchi hii anayepanga. Nikainama kwenye sikio la Reuben nikamnong'oneza, “Tazama viatu. Hivyo vimeshonwa ng'ambo.”

Ni hayo tu niliyoyasema. Redio ilikuwa imetuonya kwamba adui atavaa sare ya askari wetu, na wengine watavaa kama watawa wa kike. Uso wa Reuben ukakunjamana.

“Unamtaka nani huko?” alimwuliza.

Kijana akasita. Akautazama uma wangu wa nyasi, akatazama vitambaa vya mgambo mikononi mwetu, vilivyoandikwa kwa wino wa kutilia alama nguo. Akasema ana shughuli na mtu, ila hana ruhusa ya kumtaja mbele ya asiowajua.

“Basi umepotea, kijana,” Reuben akasema. “Hakuna kijiji cha jina hilo hapa.”

“Karani wa stesheni ameniambia ni maili tatu.”

“Karani amekudanganya.”

Kijana akanigeukia mimi. “Na wewe, mwenzangu?”

“Nimezaliwa hapa,” nikasema, “na sijawahi kulisikia.”

Niliona fahari kwa uongo ule, Mungu anisamehe. Kumkamata hatukuweza, maana wiki moja nyuma tulimshikilia mkaguzi wa shule saa nne nzima, na Chedzoy alikuwa ametukataza kumkamata mtu bila yeye, na yeye siku hiyo alikuwa mazishini. Kwa hiyo Reuben akamwelekeza njia ya mbugani, ile inayozunguka kwenye matete maili saba na kukurudisha kule kule stesheni. Alimwelekeza vizuri, kwa utaratibu wake wa zamani, hata daraja linaloteleza hakulisahau. Kijana akatushukuru, akainua begi lake, akaenda. Reuben akaandika saa kwenye daftari, na jioni ya kesho yake Chedzoy akamsifu mbele ya kikosi kizima. Nilimwona akitabasamu, mara ya kwanza tangu telegramu.

Jumanne ya wiki ya pili nilimpelekea Reuben viatu alivyoniachia nivitie visigino. Yeye na mkewe walikuwa mezani, na barua imefika muda huo huo. Olive alikuwa akiisoma kwa sauti, kwa sababu miwani ya Reuben ilikuwa imevunjika mazoezini. Ilitoka kwa askari aitwaye Ivor Pugh, mtu wa milima ya Wales. Alikuwa na Gilbert siku mbili mchangani, wakingoja meli, na alikuwa naye saa ya mwisho. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba mtoto wao amekufa. Olive akaweka kiganja juu ya karatasi, kisha akaendelea.

“Hakuteseka muda mrefu,” alisoma. “Aliniachia maneno ya baba yake, akaniapisha niyafikishe kwa mdomo, nisiyaandike. Nilipopata ruhusa ya siku moja nilikuja kwenu, lakini pale njia panda wazee wawili waliniambia kijiji hicho hakipo. Tumekatazwa kutaja majina ya askari kwa watu tusiowajua, kwa hiyo sikulitaja lenu.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na vile viatu mkononi. Nikaelewa vya yule kijana vilikotoka. Alikuwa ametoka baharini hana kitu, akavaa alivyovikuta Ufaransa.

Reuben aliomba barua, akaiweka karibu na macho, akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akamwambia mkewe, “Ni mimi.”

Olive hakulia wala hakumtukana. Aliinuka akaiondoa birika motoni kwa sababu ilikuwa ikichemka. Kisha akasema, akiwa ametugeuzia mgongo, “Alifika mpaka hapo chini, na mkamwambia hatupo.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo husemwa. Wa kwetu alikuja na dawa mdomoni, sisi tukampeleka mbugani. Nilirudi dukani nikakaa mbele ya chuma changu cha kugongea viatu, na siku nzima sikugonga hata msumari.

Olive aliandika majibu. Reuben yeye alichora ramani. Alichora njia zake zote maili sita, na kwenye kila njia panda akachora nguzo na mikono yake, na juu ya mikono akaandika majina kwa zile herufi zake, na penye nyumba yake akachora mlango ulio wazi. Wakati ule kutuma ramani ya kijiji kwa posta kulikuwa ni kutafuta jela. Aliibandika stempu kwa ngumi.

Jibu likaja, kadi fupi. Ivor Pugh alisema amecheka sana kusikia ni nani aliyempoteza, na mzee asijilaumu, alikuwa akifanya kazi yake na aliifanya vizuri, miguu ya Ivor mwenyewe inashuhudia. Atakuja Jumamosi tarehe kumi na nne Septemba. Treni haziaminiki kwa sababu ya mabomu, huenda akadandia lori, hivyo hajui atatokea upande gani. Lakini ramani itakuwa mfukoni.

Reuben aliisoma kadi ile mpaka ikalegea kona. Nilimwona akipona kidogo. Aliniambia anajua maneno hayataleta mtu, ila mtoto akiagiza kitu kwa baba yake, kitu hicho ni mali ya baba.

Jumamosi hiyo kulipopambazuka alichukua ufunguo wa karakana ya Chedzoy chini ya chungu cha maua, akapakia vibao kwenye toroli. Olive alikuwa ameshaondoka kwa miguu kwenda kungojea stesheni, ikiwa treni itafika. Mimi nilimkuta Reuben kwenye njia panda ya pili, amevaa sare, anafunga skrubu mchana kweupe. Nilishika ngazi. Kabla ya saa nne asubuhi nguzo zote nne zilikuwa na mikono yake, na jina letu likasomeka tena kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Habari ikamfikia Chedzoy. Alikuja na kikosi kizima kumkamata. Walikuja kwa mwendo wetu ule ule wa jeneza, kwa hiyo tuliwaona kwa robo saa nzima kabla hawajafika.

“Reuben,” Chedzoy akasema, “unajua hiki ni kifungo.”

“Najua, afande.”

“Adui akipita leo?”

“Akipita nitafungwa vizuri. Lakini leo nina mgeni.”

Chedzoy alikuwa mtu wa sheria mpaka kwenye mifupa. Alivua kofia akajifuta jasho. Alimtazama Reuben kutoka kichwani hadi miguuni, na safari hii sidhani alikuwa akipima mbao. Kisha akaniagiza niende kwake nilete vitambaa vyeusi vya kufunikia majeneza, vyote vitatu, na pazia la sebuleni kwake liwe la nne. Kila kibao kikafunikwa. Chini ya kila kibao akaweka watu, na amri ikawa hii: akija kijana askari anayeongea kama anaimba, fungua kitambaa asome njia, akija mwingine yeyote, wewe ni mwombolezaji.

Tulisimama hivyo kutwa, wanaume thelathini na mmoja na nguo za msiba juu ya vichwa vyetu. Sijui nchi nyingine yoyote ambayo vita vinapiganwa hivyo. Lilipita lori moja la jeshi, tukafungua, dereva akatuangalia kama wendawazimu akaenda zake. Alipita ofisa kwa pikipiki. Walipita wasichana wawili wa shambani. Kasisi alituletea chai kwenye ndoo. Kila vumbi likionekana mbali Reuben alijinyoosha koti.

Jua lilipokuwa linagusa mnara wa kanisa tulimwona Olive anakuja kutoka stesheni. Alikuwa peke yake, anatembea katikati ya njia. Reuben hakungoja afike. Alitoa bisibisi mfukoni, akapanda ngazi, akaanza kufungua skrubu.

Barua ya tatu iliandikwa na mtu mwingine, ofisa. Ivor Pugh aliuawa Ijumaa jioni, tarehe kumi na tatu, mjini, bomu lilipoanguka alipokuwa akingoja kubadilisha treni. Alilelewa kwenye nyumba ya yatima, hana ndugu katika kumbukumbu zao. Mfukoni mwake walikuta ramani iliyochorwa kwa mkono yenye anwani hii. Je, ninyi ni jamaa zake?

Reuben alikuja dukani kwangu na barua hiyo, akakaa kwenye kigoda cha wateja. “Amos,” akaniambia, “ningemwambia njia mwezi wa nane, angekuwa ameshasema yake na kurudi. Asingekuwa na safari mwezi wa tisa.”

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja kukaa.

Alimjibu yule ofisa kwamba ndiyo, ni wetu. Alisema huo ni uongo wa pili anausema juu ya kijana yule, ila huu wa pili ataubeba kwa moyo mweupe. Mwili ukaja kwa treni. Chedzoy alitengeneza jeneza kwa mbao za mwaloni alizokuwa amejiwekea mwenyewe tangu alipooa. Tulimchukua kutoka stesheni maili tatu kwa miguu, kikosi kizima, na ule mwendo wetu uliochekwa wilaya nzima ulikuwa siku hiyo ndio mwendo wenyewe, hakuna aliyekosea hatua. Mapazia yalifungwa njia nzima. Kwenye njia panda ya chini, penye ule mkokoteni, Reuben aliomba tusimame. Tukasimama. Kisha akasema, “Kushoto, wanangu,” tukapinda kushoto, kuelekea Oddercombe.

Juu ya kaburi aliweka ubao mweupe wenye herufi nyeusi, kazi ya mkono wake: IVOR PUGH. AMEFIKA ODDERCOMBE. Jina la kijiji lilikuwa bado marufuku. Chedzoy alisimama mbele ya ubao ule muda mrefu. Mwishowe akaniita, mimi mpeleka ujumbe, akaniambia niende makao makuu ya mkoa nikaulize kama amri inahusu makaburi. Ni maili kumi na moja. Akasema niende kwa miguu, tena nisijichoshe. Nilianza safari hiyo Septemba ya mwaka wa arobaini na sijafika hadi leo.

Baada ya mazishi Olive alitupa chai. Alinikalisha karibu naye akaniomba nimweleze yule kijana alivyokuwa, maana mimi nilimwona. Nilimweleza jasho, begi, sauti, jinsi alivyotushukuru. La viatu niliruka. Reuben, aliyekuwa dirishani, akasema taratibu, “Mwambie na la viatu, Amos.” Hakuwahi kunilaumu kabla ya hapo wala baada ya hapo. Nikamwambia. Olive akalishika kopo la sukari, mgao wao wa wiki, akatia vijiko viwili kwenye kikombe changu bila kuniuliza. Nilikunywa chai ile huku nikilia kama mtoto.

Vita vilikwisha, vibao vikarudi. Reuben alivirudisha kila mkono mahali pake, chaki ya zamani bado inasomeka. Lakini hakuviamini tena peke yake. Hata alipostaafu aliendelea kukaa pale njia panda ya chini na kiti chake, na mgeni akipunguza mwendo tu, ameshasimama. Hakuuliza mtu anakwenda wapi. Aliuliza, unamtafuta nani, kisha akamfikisha mpaka mlangoni kwa huyo mtu, na hakuondoka mpaka mlango ufunguliwe. Watu wa mijini walimwona mzee msumbufu.

Na jioni nilipokwenda kwao alikuwa akikisia. Labda Gilbert alitaka kusema kitu juu ya rangi, maana waligombana kidogo kuhusu rangi kabla hajaondoka. Labda kulikuwa na msichana. Labda alikuwa na hasira naye kwa jambo fulani, na hiyo ndiyo sababu ya kutotaka liandikwe. Olive aliacha kukisia mapema. Yeye hakuweza.

Alilala kitandani mwaka wa hamsini na sita, majani yakianguka, na hakuinuka. Siku ya mwisho niliyomwona alikuwa bado na akili zake. Aliniuliza Gilbert alitaka kumwambia nini, kama alivyokuwa ameniuliza mara mia, na mimi, miaka kumi na sita, sikuwahi kujibu. Siku hiyo nikamwonea huruma nikajibu.

“Nadhani alitaka kukuambia usihuzunike,” nikasema. “Kwamba anakupenda.”

Reuben akafikiri. Akatikisa kichwa kwenye mto.

“Hapana, Amos,” akasema. “Hilo angeliandika.”